Maswali ya Wasomaji: Turbo au Injini Kubwa kwa V8 ya Zamani?

Toleo hili tunawajibu wasomaji wenye magari ya V8 ya Kimarekani ya miaka ya 1960 na 1970, yale yaitwayo magari ya misuli. Kila mmoja ameuliza kivyake, lakini shida ni moja: nguvu zaidi itafutwe kwa turbo (pampu inayoendeshwa na moshi wa eksozi kusukumia injini hewa), au kwa kuongeza ukubwa wa injini inayovuta hewa yenyewe? Vipuri vinavyouzwa kwa vipimo vya inchi tumeviacha kwa inchi, maana ndivyo utakavyoulizwa dukani. Namba kama 350 au 383 ni ujazo wa injini kwa inchi za ujazo.

Habari za kazi, mafundi. Nina Chevrolet Chevelle Malibu ya 1969. Injini ni 350 iliyotolewa kwenye gari jingine, giaboksi ni ya otomatiki, TH350. Nataka nguvu farasi 450 hivi, gari niendee kazini kiangazi na kulikimbiza wikiendi. Wenzangu wengine wanasema niigeuze injini iwe 383, wengine wanasema nifunge turbo moja basi. Nifuate lipi? — Msomaji wa Columbus, Ohio

Ndugu msomaji, kwa farasi 450 jenga 383. Ukifunga turbo utagharamika mara mbili. Utanunua turbo na mabomba yake, halafu utalazimika kuifungua hiyo 350 kubadili pistoni, kwa kuwa pistoni za kawaida za kumimina hazivumilii injini ikigonga (petroli kulipuka ovyo ndani ya silinda) chini ya presha. Kingo zinazoshika ringi hukatika. Na injini ikishafunguliwa, kuongeza ujazo ni kazi ndogo iliyobaki.

383 hupatikana kwa kuchonga silinda kutoka inchi 4.000 hadi 4.030, kisha kufunga krankshafti yenye mwendo (umbali wa pistoni kupanda na kushuka) wa inchi 3.75 kama wa injini ya 400, badala ya 3.48. Kabla ya kuagiza krankshafti, angalia nyuma ya bloki. Za kabla ya 1986 zina sili ya nyuma ya vipande viwili, za kuanzia 1986 zina ya kipande kimoja, na krankshafti zake haziingiliani. Uliza pia kama seti imesawazishwa kwa ndani au kwa nje. Ikiwa ni ya nje, dampa ya mbele na sahani ya nyuma inayoshika konveta lazima ziwe zenye uzito wa kusawazisha unaolingana nayo. Ukizichanganya, gari litatetemeka kuanzia kasi ndogo na beringi za meni zitaliwa mapema.

Mwendo huo mrefu hupeleka konrodi karibu sana na vitu viwili: ukingo wa chini wa bloki na kemu za kamshafti. Funga krankshafti na konrodi zote bila ringi, zungusha kwa mkono polepole, upime kila silinda. Kwenye bloki acha angalau milimita 1.5, kwenye kemu angalau 1.3. Pasipotosha, bloki husagwa kidogo kidogo kwa mkono. Kazi hii ifanyike kabla bloki haijaoshwa mara ya mwisho, la sivyo chembe za chuma zitaishia kwenye beringi.

Mgandamizo ndio unaowaangusha wengi. Silinda moja ya 383 ina cc 784. Ukitaka 10:1, nafasi inayobaki pistoni ikiwa juu kabisa lazima iwe cc 87. Chukua hedi zenye chemba ya cc 64, ongeza cc 9 za gasketi yenye unene wa inchi 0.041, na cc 1 ya pistoni kubaki chini kidogo ya uso wa bloki: umefika 74. Zilizosalia 13 zitoke kwenye pistoni yenye bakuli. Mtu akinunua pistoni bapa, ambazo mikato yake ya valvu ni cc 5 tu, anapata karibu 10.9:1. Kwa hedi za chuma cha kumimina na petroli ya okteni 91 ya Marekani, injini hiyo itagonga kila kilima.

Kwenye hedi usibane pesa. Nunua za alumini zenye njia ya hewa ya cc 195 hivi. Za zamani huibana 383 kabla haijafika mizunguko 5,500. Kamshafti ya rola ya haidroli yenye digrii 224 hadi 230 za kufungua valvu kwa kipimo cha inchi 0.050, pembe kati ya kemu digrii 110, inaendesheka vizuri mjini. Kabureta ya CFM 650 hadi 750 (futi za ujazo za hewa kwa dakika) inatosha. Taimingi ya jumla, yaani plagi inavyotangulia kuwasha kabla pistoni haijafika juu, ianzie digrii 34, halafu ujaribu 36.

Halafu tazama nyuma ya gari. Malibu nyingi zilitoka na difu ya boliti 10. Ukiweka matairi yanayoshika lami sawasawa na farasi 450, difu hiyo haitadumu muda mrefu. Tenga fedha za difu ya boliti 12 au Ford ya inchi 9 sasa, kabla hujanunua hata pistoni moja.

Mafundi, nimeambiwa njia rahisi kuliko zote siku hizi ni kutoa V8 ya lita 5.3 kwenye pikapu ya Chevrolet iliyoko skrepani, kuifunga turbo moja na kuipachika kwenye gari la zamani. Nina Nova ya 1972 isiyo na injini kabisa. Kuna ukweli? — Msomaji wa Minneapolis, Minnesota

Upo, na kwa gari lisilo na injini sisi tungefanya hivyohivyo. 5.3 ya pikapu, iliyoanza na matoleo ya 1999, nyingi zina bloki ya chuma cha kumimina, kofia za meni zenye boliti sita kila moja, na mgandamizo wa karibu 9.5:1 ambao turbo inaukubali. Tayari ina injekta na kompyuta, kwa hiyo mafuta na taimingi vinarekebishwa kwa programu.

Kinachoziua injini hizi ni mwanya wa ringi. Kiwandani ringi zilikatwa kwa injini isiyo na turbo. Turbo ikisukuma, ringi ya juu hupata joto, hurefuka, ncha zake mbili hukutana, na ringi isiyo na pa kwenda huung’oa ukingo wa pistoni. Ukitaka kuvuka presha ya turbo ya psi 8 (pauni kwa inchi ya mraba), toa pistoni upanue mwanya. Injini ya barabarani isiyo na turbo hupewa inchi 0.0045 kwa kila inchi ya upana wa silinda. Yenye turbo 0.006. Silinda ya 5.3 ina upana wa inchi 3.78, kwa hiyo ringi ya juu inataka karibu 0.023, yaani milimita 0.58. Isukume ringi ndani ya silinda kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, pima kwa fila geji, kata ncha moja tu, kisha ondoa makali kwa kijiwe. Ringi ya pili ipewe mwanya kama huo au mkubwa kidogo.

Boliti za hedi za matoleo hayo hunyooka zikikazwa, hivyo hazirudiwi. Nunua mpya, au weka stadi. Sampu ya pikapu inaning’inia chini mno kwa Nova, ibadilishe.

Mafuta nayo yahesabiwe kabla ya kununua pampu. Injini ya turbo hutumia karibu pauni 0.62 za petroli kwa kila farasi mmoja kwa saa. Farasi 500 ni pauni 310, sawa na lita 190 hivi kwa saa. Pampu iliyoandikwa lita 255 inaonekana ya kutosha, lakini namba hiyo hupimwa kwa presha ndogo. Injini hii inataka psi 58, na turbo ikisukuma 8 juu yake pampu inapaswa kutoa 66, na hapo ujazo wake hupungua. Kwa farasi 500 inapita. Ukiwa na tamaa ya 600, weka kubwa zaidi tangu mwanzo. Injekta: 310 gawa kwa nane, kisha gawa kwa 0.8 ili zisifanye kazi wakati wote, unapata pauni 48 kwa saa, au karibu cc 510 kwa dakika kila moja.

Mwisho, oili ya turbo. Bomba la kuingiza ni jembamba. La kurudisha lazima liwe nene, lishuke bila kona ya kupanda, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Ukiona moshi wa buluu kwenye eksozi ya turbo mpya, usikimbilie kusema sili zimekufa. Mara nyingi ni oili iliyokosa njia ya kuteremka.

Mustang yangu ni ya 1966 yenye 289. Nimepata bloki ya 302 ya miaka ya 1980. Nipige turbo mbili ndogo, moja kila upande? — Msomaji wa Toronto, Kanada

Nafasi haitoshi. Mustang za 1965 na 1966 zina minara ya springi iliyosogea ndani, na mabomba ya kawaida ya eksozi yenyewe huingia kwa kubembelezwa. Ford waliupanua upande wa mbele mwaka 1967 ili injini ya 390 iingie. Turbo mbili kwenye gari lako zitakaa sentimita chache kutoka kwenye plagi, mabomba ya breki na boksi la usukani, na joto lake litaviunguza vyote.

Jambo la pili ni bloki yenyewe. 302 za kiwandani zinajulikana kupasuka katikati, kwenye bonde la tapeti, zikikaribia farasi 500. Haitoi onyo, inagawanyika. Turbo inafikisha nguvu hiyo kirahisi mno, na ndiyo hatari yake hapa.

Jenga 347: silinda inchi 4.030, mwendo 3.40. Kwa hedi nzuri inatoa farasi 400 na bloki inabaki salama. Angalia mambo mawili. 302 za kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 zilisawazishwa kwa uzito wa aunsi 50, na 289 yako ni 28. Dampa na flaiwili vifuate krankshafti mpya, usichukue za zamani. Pia kwenye baadhi ya pistoni za 347 tundu la pini hukata mfereji wa ringi ya oili, na huwekwa ringi bapa ya kuziba pengo. Ikisahaulika, injini itakula oili tangu siku ya kwanza.

Wataalamu, salaam. Nimehamia Denver na Camaro yangu ya 383 imepoa kabisa. Kule Houston ilikuwa moto. Je, turbo ndiyo dawa ya milimani? — Msomaji wa Denver, Colorado

Denver iko mita 1,600 juu ya bahari, kimo kinachokaribia cha Nairobi. Presha ya hewa huko ni karibu kPa 83 badala ya 101 ya pwani. Injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza kiasi hichohicho: farasi 400 wa Houston wanabaki 330 hivi. Injini yako si mbovu.

Anza na kabureta. Kwa Holley, punguza jeti namba moja kwa kila futi 2,000 za kupanda, kwa hiyo namba mbili hadi tatu kwako. Hewa imepungua na petroli haijapungua, ndiyo maana plagi zinatoka nyeusi. Ikiwa siku moja utaifungua injini, kimo hicho kinaruhusu mgandamizo wa juu zaidi ya ule wa pwani. Usiruke mbali tu, kwa kuwa petroli bora ya Denver kwa kawaida ni okteni 91, si 93.

Turbo kweli inafidia, ila wengi hawajui namna. Westigeti (vali inayodhibiti presha ya turbo) yenye springi ya psi 8 hupima tofauti kati ya hewa ya ndani na ya nje. Pwani, psi 8 ni kPa 55 juu ya 101, jumla 156. Denver ni 55 juu ya 83, jumla 138. Geji inasoma 8 kote kuwili na nguvu hazilingani. Kurudisha 156 lazima geji isome karibu 10.5, na turbo izidishe hewa mara 1.88 badala ya mara 1.54. Turbo iliyochaguliwa iwe ndogo kwa ajili ya pwani itazidishiwa mzunguko huko juu na kutoa hewa ya moto. Ukinunua ukiwa Denver, chagua kwa hesabu ya Denver.

Firebird ya 1968, kabureta ya Holley. Naweza kufunga turbo bila kuondoa kabureta? Sitaki kompyuta kwenye gari la 1968. — Msomaji wa Leicester, Uingereza

Unaweza. Turbo isukume hewa kupitia intakula (kipozeo cha hewa ya turbo) hadi kwenye kofia iliyofungwa juu ya kabureta. Kuweka kabureta kabla ya turbo, kama walivyofanya wengi zamani, kunakunyima intakula, kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa ungetuama ndani yake.

Petroli ndiyo inayoyeyusha pistoni hapa. Bakuli la kabureta sasa lina presha ya turbo juu yake. Kama kawaida unampa Holley psi 6, turbo ikisukuma 8 unatakiwa kumpa 14. Pampu ya asili inayoendeshwa na kamshafti hutoa 5 hadi 7. Kwa hiyo mara tu turbo inapoamka, petroli haingii tena, bakuli linakauka, na sekunde chache zinatosha. Funga pampu ya umeme, regyuleta inayopandisha presha moja kwa moja na ya turbo, na bomba la kurudisha petroli tangini. Floti tupu za shaba hubonyezwa na presha. Weka za povu gumu. Valvu ya nguvu ya kabureta nayo isikie presha ya turbo, la sivyo itabaki imefunga pale unapoihitaji.

Taimingi irudishwe nyuma digrii moja kwa kila psi. Kama jumla ilikuwa 36, kwa psi 8 iwe 28 au pungufu. Distribyuta ya zamani haiwezi kufanya hivyo yenyewe, hivyo kiboksi kidogo cha kurudisha taimingi ni lazima, kompyuta utake usitake. Mwanya wa plagi upunguze hadi milimita 0.7, na plagi ziwe baridi zaidi kwa daraja moja. Weka geji ya mchanganyiko kwenye eksozi: ukikanyaga hadi mwisho isome 11.5. Injini isiyo na turbo inaridhika na 12.5 hadi 13.

Usisahau vali mbili ndogo za njia moja, moja kwenye bomba la kuvuta mvuke wa oili, moja kwenye bomba la busta ya breki. Bila ya kwanza turbo hujaza presha kwenye sampu na sili hutoka nje.

Assalaam aleikum. Niko Muscat, nina Chevelle yenye 454. Kwenye foleni Julai inachemka. Fundi mmoja amenishauri nirudi kwenye 350 na turbo, eti ni nyepesi na itapoa. Ni kweli? — Msomaji wa Muscat, Oman

Waaleikum salaam. Nyepesi ni kweli: 454 ya chuma inaizidi 350 kwa kilo 50 hivi, zote juu ya matairi ya mbele. Kwamba itapoa si kweli.

Hewa ya nyuzi 45 ikisukumwa kwa psi 8 na turbo yenye ufanisi wa asilimia 70 inatoka ikiwa nyuzi 105. Intakula nzuri inaishusha hadi karibu 60. Injini inayovumilia taimingi fulani kwa hewa ya nyuzi 30 itagonga kwa hewa hiyo. Tena intakula inakaa mbele ya kondensa ya AC, na kondensa iko mbele ya radieta: radieta inapokea hewa iliyokwisha kupashwa moto mara mbili. Kwenye foleni hali itakuwa mbaya kuliko sasa.

Baki na 454. Tafuta kava la feni kwanza. Magari mengi yalipoteza kava wakati wa kubadili radieta. Feni ikae nusu ndani ya kava, nusu nje. Radieta iwe ya alumini yenye safu mbili za mirija ya inchi moja, thamostati ya nyuzi 82. Kagua taimingi injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa): bomba la vakyumu la distribyuta likiwa limechomolewa, taimingi hubaki nyuma na joto huenda kwenye eksozi na maji. Ikizima na kukataa kuwaka upya, hiyo ni petroli kuchemka ndani ya kabureta; weka kipande cha kuzuia joto chini yake.

Kuhusu okteni, namba za Ghuba na za Marekani hazilingani. 95 yenu ni sawa na 91 hivi ya Marekani. Kama 454 yako ina mgandamizo wa 11.25:1 kama ile ya aina ya LS6 ya 1970, tumia 98 peke yake.

Je, viwanda vyenyewe viliwahi kuweka turbo kwenye V8 enzi zile? — Msomaji wa Dar es Salaam

Ndiyo. Oldsmobile Jetfire ya 1962 ilikuwa na V8 ya alumini ya inchi za ujazo 215, turbo, na nguvu farasi 215. Mgandamizo waliuacha juu, 10.25:1, kwa hiyo wakaongeza tangi dogo la maji na methanoli kuzuia injini kugonga. Wenye magari walisahau kulijaza, na gari likasimama kuuzwa baada ya 1963. Pontiac walijaribu tena 1980 kwa V8 ya 301, farasi 210, bila intakula. Aliyefanikiwa ni Buick, kwa V6 ya lita 3.8: Grand National ya 1987 ilikuwa na intakula na injekta zinazoongozwa na kompyuta.

Chevelle SS ya 1970, namba za injini na gari zinalingana. Turbo au nichonge injini iwe kubwa zaidi? — Msomaji wa Houston, Texas

Hiyo injini usiiguse. Namba yake imegongwa kwenye kipande cha uso wa bloki mbele ya hedi ya kulia, na mashine ya kusawazisha uso wa bloki huifuta kwa mpito mmoja. Itoe nzima, mwagia oili kila silinda kupitia tundu la plagi, zungusha krankshafti kwa mkono, ziba matundu yote, ihifadhi mahali pakavu pamoja na kabureta, distribyuta na manifoldi zake. Kisha nunua bloki nyingine ya 454 uifanyie upendavyo. Kama utachagua turbo, mabomba yapite bila kukata bati la ndani la ubavu wa injini.